Mume bandarini, mke chuoni: mpange mtaa gani Valencia?

SWALI: Mume wangu amepata kazi kwenye kampuni ya usafirishaji wa makontena bandarini Valencia, Hispania. Mimi nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Politècnica, naanza Septemba. Tuna watoto wawili, wa miaka mitano na kumi na mmoja. Kodi tunaweza kufika euro 1,200 kwa mwezi. Sisi ni watu wa Tanga, tumekulia baharini, tungependa kukaa karibu na ufuo, na msikiti usiwe mbali. Tumetajiwa Cabanyal, Ruzafa na Orriols, na pia mji wa Paiporta ambako rafiki wa mume wangu anasema kodi ni nafuu. Tukae wapi? Na hayo mafuriko tuliyoyaona kwenye habari, tuyahofie kiasi gani? (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Dada, hongereni sana. Nitaanza na jibu lenyewe kisha nieleze, maana najua una mengi mkononi. Tafuteni nyumba kwenye ukanda ulio kati ya chuo chako na bandari: Illa Perduda, Aiora, Beteró, na Benimaclet mkibahatika. Orriols ni chaguo la pili la haki kabisa, na kwa mfuko wenu huenda ndilo litakalowafaa. Cabanyal ni kwa masharti. Ruzafa iacheni. Paiporta msiende, angalau mwaka huu wa kwanza.

Wengi wanaoniuliza hutaka niwatajie mtaa "mzuri". Valencia ina wilaya 19 na mitaa zaidi ya 80, na karibu kila mtaa una kona ya kuishi na kona ya kukwepa, zimepeana mgongo. Kwa familia ya watu wanne wanaotoka kwenda pande tatu tofauti, sifa ya mtaa haisaidii kitu saa moja na nusu asubuhi. Kinachosaidia ni reli. Mimi ninapomtafutia mtu nyumba hapa, kwanza natandaza ramani ya Metrovalencia, yaani metro na tramu za hapa, mezani, matangazo ya nyumba yanafuata.

Tuanze na mumeo. Neno "bandarini" hapa ni pana mno. Bandari ya Valencia ni miongoni mwa bandari kubwa za makontena katika Mediterania, na imenyooka kusini kuanzia El Grau mpaka karibu na pale mto Turia unapoingilia baharini siku hizi. Mawakala wa meli na kampuni za usafirishaji wengi wana ofisi upande wa El Grau na Avinguda del Port, ambako mtu anafika kwa miguu au kwa basi. Makontena yenyewe yako kwenye magati ya kusini, yanakoingilia malori, na huko hakuna metro ya kumfikisha mtu langoni. Tena ipo kampuni itakayosema iko bandarini, kumbe ghala lake liko Riba-roja, bara kabisa, magharibi ya jiji kupita uwanja wa ndege. Kwa hiyo kabla hujatazama picha hata moja ya sebule, mumeo aombe anwani ya mahali atakapoingilia kazini na saa za zamu. Akianza saa kumi na mbili asubuhi kwenye gati, atahitaji baiskeli, pikipiki au lifti ya mwenzake, na hapo kukaa Aiora badala ya Orriols kunampunguzia njia karibu nusu.

Wewe mambo yako ni mepesi. Politècnica iko Camí de Vera, kaskazini-mashariki ya jiji, na tramu namba 4 na namba 6 zinasimama mlangoni pake. Namba 6 ndiyo ya kukariri. Inatoka Orriols, inapita Benimaclet, inapita chuoni kwako, kisha inashuka hadi Marítim, kituo ambako unadandia metro ya 5 au ya 7 kwenda katikati ya jiji. Namba 4 inakupeleka ufukweni. Kadi moja iitwayo SUMA inatumika kwenye metro, tramu, mabasi mekundu ya EMT na treni za Cercanías, kwa hiyo kubadili chombo njiani si gharama mpya. Mtaa wowote ulioshika tramu hiyo unakuweka dakika chache kutoka darasani, na Orriols, ambako kuna msikiti, iko kwenye mstari uleule, hivyo Ijumaa hamhangaiki.

Sasa bahari. Naelewa hamu yenu, mimi pia ni mtoto wa pwani. Lakini bahari ya hapa si ya Raskazone kule Tanga. Maji hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha mtu kuona, mwamba wa kutembelea hakuna, na kuanzia Novemba mpaka Mei maji ni baridi kiasi kwamba watoto wako watayaangalia tu. Wavalencia wenyewe huenda ufukweni Juni hadi Septemba, miezi mingine wanatembea kandokando yake na jaketi. Ukikaa mtaa ulioshika bahari unalipia miezi minne ya starehe kwa miezi kumi na miwili ya kodi, tena unyevu unakuja bure: nguo haziwi kavu kabatini, rangi ya ukuta inabanduka, na nyumba nyingi za hapa hazina mfumo wa kupasha joto. Wageni hudhani Hispania ni joto mwaka mzima. Januari nje kuna nyuzi 15 na jua zuri, ndani sakafu ya vigae imekuwa barafu na watu wanakaa na blanketi mapajani. Kutoka Illa Perduda au Beteró mpaka mchanga wa Malva-rosa ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, pungufu kwa tramu. Hiyo yatosha.

Kuhusu Cabanyal nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo itakayowavuta mkiiona. Ni mtaa wa wavuvi wa zamani, ulikuwa mji unaojitegemea mpaka 1897 ulipounganishwa na Valencia. Mabarabara yake marefu yamepangwa sambamba na ufuo, nyumba za ghorofa moja au mbili, mbele zimepambwa vigae vya rangi, kijani, buluu, njano, kila nyumba na nakshi yake. Jioni wazee wanatoa viti nje na kukaa mlangoni. Mtu wa Ngamiani, Tanga, akipita pale moyo unamlainika. Lakini mtaa huu ulikaa miaka mingi kwenye kitanzi: mwaka 1998 halmashauri ya jiji ilipanga kuirefusha Avinguda Blasco Ibáñez mpaka baharini, na barabara hiyo ingepasua Cabanyal katikati. Wakazi walipigana, serikali kuu ikausimamisha mpango mwaka 2009, na baadaye ukafutwa. Ila katika miaka hiyo yote ya kusubiri, nyumba nyingi za katikati zilinunuliwa ili zibomolewe, zikaachwa zikioza, na nyingine zikavamiwa. Leo unaweza kukuta nyumba iliyokarabatiwa vizuri inauzwa bei ya kutisha, ya jirani haina paa, na ya tatu ni ya kupangisha watalii, masanduku yenye magurudumu yanaburuzwa mlangoni usiku kucha.

Masharti yangu kwa Cabanyal ni haya. Isiwe nyumba ya chini iliyoungana na barabara, kwa sababu ya unyevu na kwa sababu nyingine nitakayoieleza kwenye mafuriko. Muende kuiona barabara hiyo hiyo usiku wa Ijumaa, halafu asubuhi ya siku ya kazi, muone nani anatoka milangoni. Na mkataba uwe wa makazi, si wa msimu. Mkipata hayo yote kwa euro 1,200, kimbieni mkasaini. Mimi sijaona nyingi za namna hiyo.

Ruzafa ni fupi. Mtaa mzuri sana kwa kijana asiye na mtoto na mwenye mshahara. Soko lake lina matunda na samaki wa kuridhisha, mikahawa imeshikana bega kwa bega, na usiku wake hauishi. Zamani kulikuwa na maduka mengi ya watu wa Afrika Kaskazini, kodi imewasukuma wengi kuondoka. Kwa pesa yenu mtapata chumba kimoja au viwili vyenye dirisha linalotazama shimo la uani, na uko mbali na tramu yako. Inakuja pia Machi na sherehe za Fallas, ambapo Ruzafa hugeuka uwanja wa baruti mpaka sanamu zichomwe usiku wa tarehe 19.

Fallas, kwa kweli, ziko kila mahali, jiji lina zaidi ya vikundi 300 vya mitaa vinavyoziandaa. Kila kikundi kina ukumbi wake, unaitwa casal, kwa kawaida kwenye fremu ya duka chini ya ghorofa. Kabla ya kusaini angalia kama chini ya dirisha lako kuna casal. Utajua kwa nembo mlangoni. Ukikaa juu yake, utakuwa na muziki na chakula cha pamoja wikendi nyingi za mwaka, na siku za Machi fataki za kuamshia watu zitalipuka saa mbili asubuhi. Wengine wanapenda na hujiunga, watoto hupata marafiki haraka sana kwa njia hiyo. Lakini ijue mapema.

Benimaclet kilikuwa kijiji, kikamezwa na jiji mwaka 1878, na bado ukiingia kwenye uwanja wake wa kanisa unaona umekipata kijiji. Kaskazini yake yanaanza mashamba ya mboga, huerta, yanayomwagiliwa kwa mifereji ya karne nyingi. Wewe ungetembea kwenda chuoni. Tatizo ni kwamba kila mwanafunzi wa vyuo viwili vikubwa anawaza hivyohivyo, na wenye nyumba wengi wanapendelea kupangisha chumba kimojakimoja kwa wanafunzi wanne kuliko nyumba nzima kwa familia, maana hesabu inawalipa. Mkiona tangazo la familia Benimaclet, piga simu dakika hiyohiyo. Ila kaeni mbali na uwanja wa Xúquer, upande wa kusini kidogo: ni eneo la baa za wanafunzi ambalo jiji lenyewe liliwahi kulitangaza kuwa limezidiwa na kelele.

Illa Perduda na Aiora hazimo kwenye kadi za posta. Ni maghorofa ya miaka ya 1960 na 1970, matofali na roshani, chini maduka: famasia, kinyozi, duka la mboga la Mpakistani linalofungwa usiku sana, baa ambayo wazee wanacheza domino. Aiora ina bustani ya zamani yenye kivuli, ina kituo cha metro, na Avinguda del Port iko hatua chache kwa ajili ya mumeo. Illa Perduda iko karibu zaidi na chuo. Kuna shule za msingi za serikali za kufikia kwa miguu. Kero yake ni uwanja wa Cedro na barabara zinazouzunguka, ambako wanafunzi hunywa mpaka usiku wa manane, hasa Alhamisi, hivyo ukitajiwa barabara ya hapo, nenda Alhamisi usiku ukasikilize mwenyewe. Mbali na hapo, hii ni mitaa ya kuishi kwa amani, na amani hiyo haipigiwi picha. Kwa bajeti yenu mtavumilia kitu: jiko la zamani, bafu moja, au ngazi.

Sasa Orriols, ambako utasikia watu wakikunja uso. Sikiliza, kisha nenda ukaone mwenyewe. Ni mtaa wa wahamiaji hasa: Amerika ya Kusini, Pakistani, Moroko, Algeria, Afrika Magharibi. Kuna msikiti na kituo cha utamaduni wa Kiislamu, kuna bucha za halali, kuna maduka ambako utapata unga, mihogo, ndizi za kupika na pilipili yenye pilipili. Uwanja wa klabu ya Levante uko hapo, siku ya mechi magari hayana pa kuegesha. Kodi ni nafuu kuliko pwani. Sifa mbaya inatokana zaidi na sehemu ya zamani inayoitwa Barona, maghorofa membamba yaliyobanana, mengi bila lifti, familia mbili katika nyumba ya familia moja, na malalamiko ya taka na uuzaji wa dawa za kulevya ambayo wakazi wenyewe wameyaandamania. Vuka barabara chache upande wa monasteri ya San Miguel de los Reyes, ambayo zamani ilikuwa gereza na leo ni maktaba kuu ya mkoa, utakuta barabara pana, majengo mapya, viwanja vya watoto. Zote mbili zinaitwa Orriols. Ndiyo maana nasema jina la mtaa halitoshi.

Nawaambia jambo jingine la Orriols ambalo halimo kwenye ramani. Mwaka wa kwanza ugenini, mama mwenye watoto na masomo anahitaji jirani wa kumgongea mlango mwalimu akipiga simu na yeye yuko kwenye mtihani. Orriols utampata jirani huyo haraka kuliko kwenye mitaa ya makabaila ambako watu wanasalimiana kwenye lifti tu. Lazima uwe na mipaka, umbea nao upo. Lakini nimeona familia nyingi za kwetu zikianzia pale zikasimama, kisha zikahama zilipotaka.

Tuje kwenye mafuriko, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ramani ya hatari haifuati hofu ya watu.

Mto Turia ulikuwa ukipita katikati ya Valencia. Oktoba 14, 1957 ulifurika, ukaua watu wasiopungua 81 na kuliangamiza jiji. Serikali ikaamua kuuhamisha mto: ukachimbwa mkondo mpya mpana kusini ya jiji, na mkondo wa zamani ukabaki mkavu. Leo huo mkavu ni bustani ya karibu kilomita 9, watu wanakimbia, watoto wanacheza mpira. Mwisho wake lilijengwa Jiji la Sanaa na Sayansi, na ndipo inapomalizikia marathoni, palepale Gabriel Geay wetu alipomaliza wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum Desemba 2022 kwa saa 2:03:00, rekodi ya Tanzania. Basi kila utakapomwona mtu anakimbia kwenye Turia, ujue anakimbia chini ya mto.

Maafa mliyoyaona ni ya Oktoba 29, 2024. Waliokufa mkoani Valencia walizidi 220. Maji yale hayakuwa ya Turia. Mvua kubwa ilinyesha milimani bara, na maji yakashuka kwa kasi kwenye korongo la Poyo, ambalo siku nyingi za mwaka ni kavu, likapita katikati ya miji ya kusini: Paiporta, Picanya, Catarroja, Massanassa, Benetússer, Alfafar na mingine. Miji hiyo iko kusini ya mkondo mpya wa Turia. Mkondo ule ukasimama kama ukuta. Jiji la kaskazini yake likabaki kavu, na upande wa pili watu wakazama kwenye gereji na nyumba za chini, wengine katika sehemu ambazo kwao hapakuwa hata na mvua. Na La Torre, Castellar na Forn d'Alcedo, ambazo kiutawala ni Valencia, zilifurika kwa sababu ziko ng'ambo ya mkondo.

Kwa hiyo kuhusu Paiporta: kodi ni nafuu, watu wake wana utu na wamejijenga upya kwa mikono yao. Ila korongo linapita katikati ya mji, reli yake ilikatika kwa miezi, na wewe ungehitaji kuvuka jiji zima kila siku kwenda Camí de Vera. Rafiki wa mumeo anaweza kuwa na sababu zake za kukaa huko, ninyi hamna. Ukitaka kukagua anwani yoyote, serikali ya mkoa ina ramani ya hatari ya mafuriko iitwayo PATRICOVA, iko wazi mtandaoni. Popote mtakapopanga, hata upande mkavu, msipange planta baja, nyumba ya chini kabisa. Nyingi zilikuwa maduka yakageuzwa makazi, nyingine bila kibali cha kukaliwa na watu, na mvua za vuli hapa zinamwagika kwa saa moja kiasi ambacho mifereji haimudu.

Mitaa yote hiyo mnaweza kuipata au kuikosa kutokana na jambo moja ambalo hamkuliuliza: aina ya mkataba. Huku hakuna kodi ya miezi sita mkononi. Sheria ya upangaji inasema mwenye nyumba hawezi kukulazimisha kulipa kabla zaidi ya mwezi mmoja. Amana ya kisheria ni mwezi mmoja, na anaweza kuongeza dhamana isiyozidi miezi miwili. Udalali wa nyumba ya makazi, tangu sheria ya Mei 2023, unalipwa na mwenye nyumba, si na ninyi. Na mkataba wa makazi unawapa haki ya kukaa mpaka miaka mitano, saba kama mwenye nyumba ni kampuni, huku ninyi mkiruhusiwa kuondoka baada ya miezi sita kwa taarifa ya siku 30.

Haki zote hizo zinayeyuka kwenye mkataba unaoitwa alquiler de temporada, wa msimu, miezi 9 au 11. Wenye nyumba wengi karibu na vyuo na bahari wamehamia huko. Mwanafunzi wa mwaka mmoja unaweza kumfaa, familia yenye watoto shuleni haiwafai. Utakapoisha mtahama, kodi itakuwa imepanda, na shule ya watoto itakuwa mtaa mwingine. Tena wenye nyumba wa namna hii mara nyingi hawataki mjiandikishe kwenye padrón, daftari la wakazi la halmashauri. Kisheria mtu ana haki, tena ana wajibu, wa kuandikishwa pale anapoishi kweli, lakini kubishana na mwenye nyumba wiki ya kwanza si raha. Bila padrón, kadi ya matibabu inasumbua, na shule pia, kwa sababu anwani inaingia kwenye alama za kugawia nafasi. Swali la kwanza kwa dalali liwe hilo: mkataba ni wa vivienda habitual, makazi ya kudumu, na tutaandikishwa sote wanne? Akianza kuzungukazunguka, shukuru ukate simu.

Mtaombwa hati za mshahara za miezi mitatu ambazo mumeo hana bado. Barua ya ajira yenye kiwango cha mshahara, barua ya chuo na taarifa ya benki huwatosha baadhi. Wengine wataka bima ya kodi, na bima haikubali mtu asiye na historia Hispania. Na nisikufiche: wapo watakaokwambia nyumba imeshachukuliwa wakisikia lafudhi tu. Sheria ya 15/2022 inakataza ubaguzi katika kupangisha, lakini kesi haikupi paa la Septemba. Muombeni mfanyakazi mwenzake mumeo, Mhispania, apige simu ya kwanza. Na senti msitume kabla mmoja wenu au mtu mnayemwamini hajaingia ndani ya nyumba.

Mkiingia, hili ndilo la kutazama. Valencia haiandiki ghorofa kwenye anwani, inaandika namba ya mlango, zikifuatana tangu chini mpaka juu. Tangazo likisema "puerta 9", na jengo lina milango miwili kila ghorofa, wewe uko ghorofa ya tano. Kama hakuna lifti, ni ngazi tano na mtoto wa miaka mitano aliyelala begani. Halafu fungua kabati la chini ya sinki, nusa. Uliza maji yanapashwa na nini. Nyumba nyingi za zamani bado zinatumia mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, kilo 12 na nusu za gesi peke yake, mtungi wenyewe bado hujaupima, nao unapandishwa ngazi hizohizo. Tazama dirisha la sebule linaelekea wapi. Likielekea magharibi, Julai upepo wa poniente unapotoka bara nyumba inakuwa tanuri, na kiyoyozi kitakula kiasi kile mlichookoa kwenye kodi.

Tafuta kwa majina yote mawili. Ramani ya metro imeandikwa Kivalencia, Russafa, Aiora, Natzaret. Matangazo mengi yameandikwa Kihispania, Ruzafa, Ayora, Nazaret. Watoto nao watakutana na lugha zote mbili shuleni, na mdogo atakuzidi kabla ya Pasaka.

Kuhusu muda, Agosti jiji linalala. Madalali wanafunga, ofisi zinafanya kazi nusu siku, na Septemba wanafunzi wote wanarudi kwa mpigo. Mumeo akiweza kutangulia mwisho wa Juni, apange chumba kwa mwezi mmoja Aiora, atafute nyumba akiwa hapahapa. Mkija wote Agosti, lipieni mahali pa muda pa wiki tano au sita bila kujilaumu, ni afadhali kuliko kusaini nyumba mbovu kwa hofu. Nafasi za shule nje ya msimu wa maombi hutolewa pale palipobaki wazi, kwa hiyo anwani ikipatikana, siku inayofuata ni ya padrón, na inayofuata hiyo ni ya shule. Mkubwa wenu kama anatimiza miaka 12 ndani ya mwaka huo wa kalenda haingii shule ya msingi kabisa, anaanza sekondari, na sekondari ziko chache na zimetawanyika. Niandikie tarehe yake ya kuzaliwa pamoja na anwani ya kazini kwa baba yake, nikutajie barabara zenyewe.